Kwa Mwalimu Aliyeachanisha Chumvi

Kwa Mwalimu wa Kemia,
mwanangu ambaye sikukuzaa lakini haki ya kukugombeza ninayo,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Sisi huku kwa miili hatujambo. Kwa mengine utasikia, maana ndiyo yaliyonikalisha chini asubuhi yote hii badala ya kufua.

Anayeandika ni mjukuu wangu, yule wa darasa lako anayekaa karibu na dirisha. Mimi shule sikuingia hata kwa kuchungulia. Kalamu naijua kwa kuiokota sakafuni na kuirudisha mezani. Lakini maneno yote ni yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze makali, na asitie neno tafadhali mahali ambapo mimi sijasema tafadhali. Ameniambia malalamiko ya maana huwa na namba. Namba zitakuja. Kwanza ujue unagombana na nani.

Mtaani kwetu naitwa Bibi Bakuli. Watu wakishindwana ndani ya nyumba huletwa kwangu, au hujileta. Sebuleni nina benchi moja, fupi makusudi, ili wawili wakilikalia lazima mabega yagusane. Mbele yao naweka bakuli la kioo lenye maji safi, na kopo la chumvi. Huyu anachota chumvi kwa vidole vyake anatia, na yule anachota anatia. Nakoroga. Wakitazama, chumvi hawaioni, wanaona maji. Hapo ndipo ninaposema neno langu moja tu: haya, kila mtu achukue chumvi yake aondoke nayo.

Basi. Wanalitazama bakuli, wanatazamana, mmoja anaanza kucheka kwa pua, na shauri limekwisha. Nimewarudisha hivyo waliorushiana masufuria, waliotukaniana mama, na mmoja aliyeuza kitanda mwenzake akiwa bado amekilalia. Sijawahi kumwona mtu aliyeweza kuitoa chumvi yake humo.

Sasa sikiliza ulichonifanyia.

Siku hiyo kwenye benchi walikuwapo kinyozi wetu na mkewe. Walikuwa wamenuniana kwa sababu kinyozi alimnyoa shemeji yake upande mmoja, shemeji akatoa neno la kuudhi, kinyozi akagoma kumaliza upande wa pili. Shemeji mwenyewe alikuwa nje akingoja matokeo. Chumvi imeshaingia, nimeshakoroga, midomo yao imeshaanza kulegea. Mjukuu wangu yuko mezani na daftari lako la kemia, anakariri kwa sauti kama alivyozoea. Bila kuinua uso, kwa upole kabisa, akasema: lakini Bibi, humo ndani wameshaachana. Sodiamu amekwenda kivyake na kloridi amekwenda kivyake.

Mke wa kinyozi akasimama, akataka kujua sodiamu ndiye nani. Kinyozi akasimama, akataka kujua kloridi ndiye nani. Benchi likabaki tupu. Shemeji aliondoka na nywele zake za upande mmoja, na mpaka leo akipita mtaani anapita ubavuubavu.

Hayo ningeyamudu. Lakini jikoni alikuwapo mkwe wangu, mama wa huyu anayeandika, akichambua maharage. Yeye na mwanangu waliwahi kukaa kwenye benchi lile lile na kutia chumvi kwenye bakuli lile lile. Na mkwe wangu amesoma, mwalimu, hapo ndipo penye balaa. Alipangusa mikono, akalichukua daftari, akausoma ukurasa wako wote akiwa amesimama, akalirudisha mezani taratibu. Akasema: kumbe siku ile mama alitukoroga tukaachana, na sisi tukarudi chumbani tunacheka. Akakunja nguo zake, akabeba cherehani yake, akaenda kwa dada yake.

Mtu akiondoka na begi unaweza kusema amekwenda kutembea. Akiondoka na cherehani, hilo ni jambo zito, na mlango wangu umekwaruzwa nayo.

Ndiyo sababu ya barua hii. Ninataka mkwe wangu arudi nyumbani. Wewe umemtoa kwa chaki, umrudishe kwa chaki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika utengano bila sababu. Nimeonyeshwa. Upande wa kushoto umeandika chumvi, mtu na mwenzake, wamekaa pamoja kama walivyokaa kwenye kopo. Kisha umechora mshale. Upande wa kulia, wawili mbalimbali, kila mmoja na viherufi vyake vya kuonyesha kwamba sasa yumo majini. Sababu iko wapi? Nani aliitwa? Hata barua ya kumtoa mpangaji huwa na mistari miwili ya kueleza amefanya nini. Wewe unachora mshale tu, fyuu, nyumba imevunjika. Halafu naambiwa una kiburi cha kuwaambia watoto kwamba mlinganyo huo unalingana pande zote mbili, hakuna kilichopotea. Njoo nyumbani kwangu leo uone kama pande zinalingana. Upande huu mwanangu anakula ugali wa jana akiwa amesimama, na upande ule mkwe wangu analala na watoto wa dada yake, mmoja anapiga mateke.

2. Alama za mabegani. Nimeambiwa kila aliyetoka kwenye chumvi anabebeshwa alama begani: sodiamu alama ya kujumlisha, kloridi alama ya kutoa. Nikauliza kwa nini. Mjukuu akasema sodiamu alimpa kloridi kitu chake kimoja kidogo sana, kisichoonekana. Nikasema vizuri, mtu mkarimu. Kumbe huyo aliyetoa ndiye aliyewekewa kujumlisha, na aliyepokea ndiye aliyewekewa kutoa! Mwalimu, mama yako anajua unaandika hivi? Mtaa mzima sasa umeharibika. Kinyozi anasema yeye ndiye sodiamu kwa sababu miaka yote ametoa yeye. Mkewe anasema sodiamu ni yeye, na kama kuna aliyepokea mpaka akavimba basi anamjua. Jana mwuza mkaa na mumewe wamebishana mbele ya wateja, kila mmoja anamwita mwenzake kloridi. Hakuna anayejua kloridi ni nini, lakini ukiitwa unasikia kabisa kwamba umetukanwa.

3. Taa. Nimesikia ulichukua betri, nyaya mbili na taa ndogo ya tochi. Kwenye maji matupu taa ikalala. Ulipotia chumvi ikawaka, watoto wakapiga makofi. Ukawaambia inawaka kwa sababu hawa wawili sasa wako huru kutembea, huyu anaelekea waya huu na yule anaelekea waya ule. Yaani watu wameachana, kila mtu ameshika njia yake, na wewe unawashia taa na makofi juu. Kwangu watu wameachana na sijaona nuru yoyote. Mwanangu anakaa gizani kwa kuwa hajui mkewe huweka wapi balbu.

4. Nilidhani ni chumvi ya mezani peke yake. Nikasema labda ile ina tabia mbaya, tutahamia nyingine. Nikauliza magadi. Nikaambiwa magadi nayo yakiingia majini wanatoka sodiamu wawili na kaboneti mmoja. Nikamwambia mjukuu aweke kalamu chini anieleze vizuri, sodiamu wawili kwa kaboneti mmoja walikuwa wanaishi vipi humo ndani? Akasema ndivyo inavyolingana. Nikauliza shabu, ile ya kusafishia maji ya tope, nikijua ni kitu cha heshima. Naambiwa humo anatoka potasiamu na mzigo wake, alumini na vijumlisha vitatu begani, na salfeti wawili wanafuata nyuma. Ile si ndoa, ile ni nyumba ya kupanga imeshika moto.

Nikauliza kama ipo chumvi ambayo maji hayaiwezi. Hapo mjukuu akanifurahisha. Akasema zipo, tena moja unaishika wewe kila siku: ile ya chaki, ya mawe ya chokaa. Ukiitia majini wanazama wote wawili wameshikana, wanakaa chini wanakutazama. Mwalimu! Umeshika mkononi watu walioshindikana kuachanishwa, na hao hao ndio unaowatumia kuandika habari za walioachana! Wakati wa kufuta ubao husikii hata aibu kwenye vidole?

Na usidhani nimemaliza na magadi. Nimeambiwa yule kaboneti, hata baada ya kuachwa na sodiamu wote wawili, ndani yake kuna kaboni na oksijeni watatu ambao hawaachani ng'o, wanaogelea wameshikana mikono. Hao ndio watu wa kuandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani. Wewe umewapitia kama hukuwaona.

5. Sasa nafika kwenye jambo lililoninyima raha kuliko yote. Nilimuuliza mjukuu: nani hasa aliyewaachanisha hawa? Maana kwenye kopo walikuwa wametulia, hata ukilitikisa hawaachani. Akasema ni maji. Nikasema haya, nionyeshe maji yako wapi kwenye huo mlinganyo. Akanionyesha mshale: maji yameandikwa juu yake, kwa herufi ndogo, kama nzi aliyetua. Akasema wengine hawayaandiki kabisa.

Hapo nilisimama, mwalimu. Kwa hiyo sodiamu anaandikwa na aibu yake begani, kloridi anaandikwa na aibu yake begani, na mwenye kazi yote, Bwana Maji, aliyeingia katikati ya watu na kuwatenganisha, amekaa juu ya mshale anapunga upepo! Ndivyo wanavyoponea wachonganishi wote wa dunia hii. Hawaandikwi. Ninadai Bwana Maji atajwe kwa jina lake kamili, aitwe, asimame mbele ya watu aseme aliingia kutafuta nini.

Mimi nikiingia kwenye jambo la watu naingia kwa mlango wa mbele. Mwanangu ni fundi wa friji. Huzileta mbovu nyumbani azitengeneze. Mkwe wangu ni mshonaji. Akiona friji haifanyi kazi hupanga humo vitambaa vya wateja, maana ina rafu nzuri. Basi mwanangu akifungua sehemu ya barafu anakuta gauni la bibi harusi, na mkwe wangu akitafuta mkasi anaukuta kwenye kisanduku cha bisibisi. Wanaanza. Je, mimi najificha? Sijifichi. Chumba changu kiko katikati ya chumba chao na sebule, kwa hiyo wakinuniana, huyu akakaa chumbani na yule akakaa sebuleni, mimi ndiye ninayefika kwa wote. Nampelekea mwanangu chai, nakaa naye, namwambia yeye ndiye mwenye haki. Kisha nampelekea mkwe wangu chai, nampapasa mgongo, namwambia yeye ndiye mwenye haki. Nikimaliza huku narudi kule. Nawazunguka kwa mapenzi, kila mmoja kwa upande wake, kiasi kwamba hakuna hata mmoja mwenye haja ya kuinuka kwenda kumtafuta mwenzake. Wanaweza kukaa hivyo siku nyingi na hawapungukiwi na kitu. Huo ndio usuluhishi, na unafanywa mchana, watu wakiona. Bwana Maji na ajifunze.

6. Baada ya hayo sikulala vizuri, nikawa nawaza mbali. Kama chumvi ikiingia majini inaachana, basi supu zote nilizopika tangu nilipokuwa msichana zilikuwa mabakuli ya watu walioachana, na mimi nikawa nawagawia wagonjwa na wazazi nikiwaambia kunywa upate nguvu. Bahari nayo! Watu wanakwenda kupumzika pwani na watoto wao, wanaingia kuoga katikati ya talaka hizo zote, wanatoka wanacheka. Nikamuuliza mjukuu kuhusu machozi. Akasita, akasema ndiyo Bibi, hata kwenye machozi. Mkwe wangu alilia akiwa mlangoni, cherehani begani. Kwa hiyo hata lile chozi lake, lililotoka kwa uchungu wa kuachana, ndani yake walikuwa wanaachana wengine. Mwalimu, hivi hukuwahi kufikiri kwamba kuna vitu mtu akivijua anavifunika na sahani?

Nilijaribu kuirudisha chumvi kwenye heshima yake. Nilisema, basi tuishi na zile punje kavu, hizo angalau ni mtu na mwenzake. Mjukuu akaniambia hata kwenye punje hakuna mtu na mwenzake: kila sodiamu amezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi amezungukwa na sodiamu sita. Nimelifunga kopo la chumvi kwa kamba. Maharage tunayala hivyo hivyo.

7. La mwisho ni la mtoto. Kwenye jaribio lako uliuliza: andika mlinganyo wa chumvi ya mezani inapoyeyuka majini na kugawanyika. Mtoto aliniuliza kabla afanye nini, maana yeye jibu alikuwa nalo. Nikamwambia mama yako amehama kwa ajili ya jibu hilo, katika nyumba hii hakuna atakayeliandika tena. Kwa hiyo aliandika nilivyomwelekeza: chumvi upande wa kushoto, mshale, na upande wa kulia chumvi na maji, wanaishi pamoja. Chini yake akachora benchi. Wewe ukampa sifuri. Sifuri yenyewe umeichora vizuri, ya duara, naona mkono wako haukutetemeka. Kisha ukaandika kwa wino mwekundu: nani amekufundisha hivi?

Mimi. Ndiyo, mimi. Hilo ni jibu lako, na benchi lile ulipaswa kulipa alama.

Kwa sababu hizi zote ninadai yafuatayo, na sitayapangia namba kwa kuwa nimechoka. Uandike kwa mkono wako kwamba sodiamu na kloridi hawajaachana, kwamba walikuwa wametoka kidogo tu. Uipeleke karatasi hiyo mwenyewe kwa dada wa mkwe wangu, nyumba yenye mlango wa bluu mkabala na mashine ya kusaga, umsomee mkwe wangu kwa sauti ya darasani, kisha umbebee cherehani mpaka hapa. Usipofanya hivyo nitakwenda kwa mwalimu mkuu. Asiponisikiliza nitakwenda kwa wanaotunga mitihani. Wao wakinishinda, nitatoka na bakuli langu nikae mbele ya lango la shule, na kila mtoto wa kemia atakayepita nitamwambia achote chumvi, atie, na anionyeshe kwa kidole hao walioachana wako wapi.

Jingine, na hili si la kugombana. Siku ya kikao cha wazazi niliona kifungo cha pili cha shati lako hakipo. Tena umekonda. Mkwe wangu angekishona kifungo hicho ukiwa umelivaa, bila kukuchoma, lakini hayupo, na mimi na wewe tunajua hayupo kwa sababu ya nani. Chakula njoo ule hata tukiwa na ugomvi. Ugomvi wangu haufiki jikoni. Ila hakina chumvi.

Nisalimie mwalimu mkuu, mwambie kikohozi kile si cha kuchezea. Nisalimie mpishi wa shule, yeye atanielewa. Msalimie mlinzi wa lango aliyeniita dada, nimefurahi. Wasalimie watoto wote wa darasa lako, walioachana na walio pamoja.

Ni mimi ninayekukasirikia kama mtoto wangu wa kumzaa,

Bibi Bakuli
(Alama ya gumba ni yangu. Doa la pembeni ni maharage.)

Nyongeza.

Barua hii ilikuwa imekwisha. Ikakaa juu ya friji mojawapo ikingoja mtu wa kuelekea shuleni. Katika kungoja huko nikamwambia mjukuu akalimwage lile bakuli la kinyozi. Lilibaki dirishani tangu siku ile na sikutaka kulitazama. Akaniletea bakuli, akaniambia hakuna cha kumwaga. Maji yamekwenda na jua. Chini kulikuwa na chumvi, nyeupe, imeng'ang'ania kioo.

Nikauliza nani amewarudisha. Akasema hakuna mtu. Maji yakiondoka wanarudiana wenyewe. Nikauliza kwani walikuwa wamegombania nini. Akasema hawakugombana, Bibi, wao huvutana tangu mwanzo. Ni maji tu huingia katikati yakamzunguka huyu, yakamzunguka yule, kila mmoja akawa anabembelezwa kwa upande wake mpaka hawezi kumfikia mwenzake.

Alisema hivyo akilitazama daftari. Hakunitazama mimi. Mtoto ana adabu.

Nikamwambia anisomee tena namba tano. Akasoma. Nikamwambia arudie pale pa chai. Akarudia, polepole zaidi kuliko nilivyomwomba.

Basi, kuhusu yule Bwana Maji niliyedai atajwe kwa jina na aitwe mbele ya watu: ameonekana. Si bwana. Amebeba godoro lake, ufagio wake na bakuli lake, amehamia kwa mdogo wake, chumba cha uani, na nyongeza hii inaandikwa huko. Mdogo wangu ameshaniambia nisiguse vyombo vyake.

Siku niliyoondoka mwanangu alipika mwenyewe. Moshi ulifika mpaka kwenye mlango wa bluu. Mkwe wangu akaja mbio kutazama kama nyumba ipo, akamkuta mumewe ameshika sufuria iliyoungua, anaipepea kwa gauni la bibi harusi. Naambiwa alipiga ukelele, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha wakaisugua sufuria pamoja, huyu ameshika mpini na yule mchanga. Cherehani ilifuata kesho yake kwa mkokoteni. Hakuna aliyewakoroga. Hakuna aliyempelekea mtu chai. Wala hakuna aliyeniita nije nione, na hilo liliniuma siku nzima, lakini napona.

Kwa hiyo namba moja hadi saba zifute. Barua sikuichana kwa sababu mtoto ameiandika kwa mwandiko mzuri, itakuwa hasara. Mlinganyo wako ni wa kweli. Maji yaache pale pale juu ya mshale, kwa herufi ndogo, ndipo mahali pake. Yakishuka chini yataanza kuuliza watu kama wamekula. Sifuri usiifute, ni yangu, nitaibeba. Ila mpe mtoto swali jingine alijibu kwa kichwa chake. Na shati lilete, mshonaji amerudi.

Kazi yangu bado ninaifanya, maana kinyozi na mkewe walirudi, na shemeji yao nyuma, nusu ya kichwa imeshaota msitu. Walitia chumvi, nikakoroga, nikaliweka bakuli dirishani juani, nikawaambia wangoje likauke. Kisha nikatoka nje nikafunga mlango, nikakaa na shemeji. Walipokuja kunifungulia, kinyozi alikuwa tayari ameshika mkasi.

Limebaki jambo moja tu. Nimemuuliza mjukuu: kinyozi alitia chumvi yake, mkewe akatia yake, zikachanganyika, zikaachana, sasa zimerudi. Je, kila sodiamu amerudiana na kloridi wake yule yule wa mwanzo? Akafikiri sana, akaniambia: Bibi, hakuna mtu anayeweza kujua.

Hilo, mwanangu, hata kama ni kweli, usiwafundishe.